Mji Uliokuwa Ukiliwa Pembeni

Mji ulianza kuliwa pembeni. Hakuna aliyeuona ukiliwa ila Nyamizi, na kwa kuwa aliuona peke yake, watu wakasema ni macho yake. Kwanza ulitoweka ukingo wa soko, pale walipokaa wauza dagaa. Kisha yakaondoka mabaraza ya kushoto, kisha ya kulia, kisha vichwa vya watu warefu. Kila alipoamka duara la dunia lilikuwa limepungua. Lilikuwa sinia, likawa sahani, likawa kisosi, na siku tunayoisimulia lilikuwa limebaki tundu la ukubwa wa kifungo cha shati. Ndani ya tundu hilo kila kitu kilikuwa wazi kabisa, na hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi. Aliweza kumwona sisimizi aliyekuwa ukutani, lakini ukuta wenyewe aliujua kwa paji la uso.

Kama vingechukuliwa vyote kwa mpigo angelia, angemaliza kulia, angeosha uso. Lakini aliyekuwa akiula mji ule alikuwa na adabu za kuudhi. Alikula mbele yake tu, tonge dogo dogo, kama mgeni mstaarabu kwenye sinia la watu, huku akisogea katikati bila haraka. Nyamizi alikuwa akikaa kizingitini na kumwuliza: Wewe ni nani? Nani alikukaribisha? Na ulivyokula vinakwenda wapi? Maana soko lililoliwa alikuwa bado akilisikia. Bado walinadi, walitukanana, walipunjana. Soko lilikuwepo kwa watu wote isipokuwa kwake. Basi kilicholiwa si soko. Kilicholiwa ni haki yake ya kwenda sokoni, na haki hailiwi na macho, inaliwa na watu. Akili yake ilipofika hapo, hasira ilimpanda hadi masikio yakawa moto.

Mji ule hatuutaji jina, kwa sababu wenyewe bado wanaligombania. Ulikuwa na desturi moja ambayo waliipenda kuliko zote. Mtu ambaye macho yanamwacha hufungwa kamba kiunoni, na ncha ya pili hushikwa na jamaa yake. Siku ya kufungwa hupikwa pilau. Wanawake hupiga vigelegele. Kamba yenyewe hulowekwa kwenye mafuta ya nazi ili isimchubue, maana hakuna anayemtakia mabaya. Kuanzia siku hiyo hatoki ila kwa kutolewa, haendi ila kwa kupelekwa, na jina lake hufutwa. Majina ya watu wa mji ule yalikaa ndani ya mtungi mkubwa katika Nyumba ya Majina, na la aliyefungwa lilitolewa humo kwa kupuliziwa moshi. Tangu hapo akaitwa wa fulani. Mama yake Nyamizi alikuwa wa Mjomba hadi alipokufa, na siku ya maziko watu waliulizana jina lake la mwanzo, wakatazamana, wakamzika wa Mjomba.

Kulikuwa na mwanya mmoja. Kabla ya kufungwa, mtu aliruhusiwa kutoka mlangoni kwake hadi Nyumba ya Majina bila mkono wa mtu, akafika, akalisema jina lake ndani ya mtungi. Akiweza hilo, hafungwi tena maisha yake yote. Akishindwa kufika kabla ya ngoma ya kufunga, ile ya jioni, kamba. Hakuna aliyekuwa akijaribu. Mji uliuacha mwanya huo kama watu wanavyomwambia mgeni karibu chakula wakati sufuria limeshaoshwa.

Nyamizi alisema atajaribu.

Mumewe, Lubasha, alikaa chini. Alikuwa mtu mwema, na lazima tuliseme hilo mapema kwa sababu baadaye mtamchukia. Alikuwa ameshainunua kamba, katani laini kabisa, ameichagua mwenyewe kwa kuipitisha shavuni. Alimpenda mkewe tangu wakiwa vijana, au tangu jana. Miaka ya mji ule haikwenda kwa mstari. Lakini kulikuwa na harusi moja ambayo Nyamizi hakuweza kuimeza. Mwenye shughuli alikuja na sahani, akapitisha maneno juu ya kichwa cha Nyamizi, akamwuliza Lubasha, "Huyu anakula pilipili?" Na Lubasha, Lubasha mwema, akajibu, "Kidogo."

Kidogo! Yeye ambaye alikula pilipili mbichi na chumvi tangu utotoni, ambaye Lubasha mwenyewe alikuwa akimtazama akila huku akitokwa na machozi. Hakuwa kipofu siku ile, alikuwa na kisosi kizima cha dunia. Alikuwa na ulimi. Mtu anaanza kufa lini, alijiuliza, akila ule wali usio na ladha. Ni pale anapoacha kuona, au ni pale wengine wanapoanza kujibu?

Akaenda kwa Bi Zamda.

Bi Zamda aliishi katika upande ambao kwa Nyamizi ulikuwa umeshaliwa zamani, kwa hiyo ilibidi aufuate kwa sauti ya cherehani. Alikuwa fundi wa mashuka, kipofu tangu utoto, na hakuwa na kamba. Aliingia mjini akiwa mtu mzima, peke yake, na watu wa kamba walipokuja hawakupata jamaa wa kumshikisha ncha ya pili. Walisimama uani kwake wakibishana mpaka akawamwagia maji ya kufulia.

"Unataka nini?" alimwuliza Nyamizi bila kusimamisha cherehani.

"Nifundishe kutembea."

"Una umri gani?"

"Sijui. Inategemea."

"Vizuri. Chukua fimbo ile nyeupe mlangoni. Na hicho kitambaa, jifunge machoni."

"Lakini mimi bado naona kidogo, Bi Zamda."

Cherehani ikanyamaza. "Hicho kidogo ndicho kitakachokuua. Kitakuonyesha kanzu ya mtu ng'ambo ya barabara, nyeupe, nzuri, utaifuata, na mtaro uko hapa miguuni. Funga kitambaa, mwanangu, au rudi kwenu ukale pilau lako."

Nyamizi akafunga kitambaa, akiwa amekasirika. Wakatoka.

Mguu wa kulia ukienda mbele, fimbo inagonga kushoto. Mguu wa kushoto, fimbo kulia. Basi, hilo tu, na hilo tu lilimshinda. Mkono ulikwenda kwake na mguu kwake. Fimbo ilikwama kwenye nyufa, mpini ukamchoma tumboni. Bi Zamda alitembea nyuma yake akisikiliza, akicheka.

"Unapapasa kama unayetafuta sindano. Gonga! Ardhi si mgonjwa."

"Nagonga!"

"Unabembeleza. Hebu igonge kama inakudai."

Alimfundisha kufuata ukuta kwa ncha ya fimbo bila kuusugua kwa bega. Alimfundisha kwamba uchochoro unasikika, upepo unabadilika shavuni pale ukuta unapoisha. Alimfundisha kusimama ukingoni mwa barabara na kuyasikiliza magari hadi ayajue yanayopita mbele yake na yanayokwenda sambamba naye, na kuvuka na haya ya pili. Akipotea, asikimbie. Asimame, arudi hadi kitu cha mwisho alichokijua. Na akiuliza, aulize hapa ni wapi, asiseme nipeleke. "Ukisema nipeleke umejifunga kamba mwenyewe," alisema Bi Zamda. "Na hapo hutapata hata pilau."

Ndani ya kitambaa wakati ulikuwa haushikiki. Nyamizi aligonga kushoto akiwa na miaka saba, ametumwa chumvi. Akagonga kulia akiwa bibi harusi. Akagonga kushoto, miguu ikawa mizito, miguu ya mama yake, ile iliyovimba kwa kukaa, na kiunoni akahisi kitu kikimvuta, na sauti ya mjomba ikisema polepole, polepole, huku kuna shimo. Nani anatembea hapa? Kama ni mimi, mbona naogopa woga wa mtu mwingine? Kama ni mama, mbona hakuwahi kufika huku? Mama, ulikubali vipi? Ulikaa vipi miaka yote ile kwenye mkeka, ukisogezewa kikombe, ukisema asante? Ulisema asante ngapi, mama? Nazitaka zirudi zote.

"Nani anatembea?" aliuliza kwa sauti.

"Anayegonga," alisema Bi Zamda. "Usiniletee falsafa barabarani, utagongwa na baiskeli."

Siku moja, au siku ileile, aliuparamia mkokoteni wa mbao, akachanika goti. Aling'oa kitambaa, akaivurumisha fimbo kwa nguvu zake zote. Alitukana. Alimtukana aliyekuwa akiula mji, akamtukana Lubasha na ule wema wake, akamtukana Mungu kidogo kisha akaomba radhi, akamtukana Bi Zamda bila kuomba radhi. Alilia kwa sauti mbaya, kama mtu anayetapika. Bi Zamda alisubiri.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi malizia."

Akamalizia.

"Haya. Sasa kaitafute fimbo yako. Ilianguka wapi?"

Nyamizi alivuta kamasi. Na kwa mshangao wake alijua: ilikuwa imegonga bati, ikaanguka kwenye mchanga, upande wa nyumba ya cherehani. Akaenda akaiokota.

Siku ya kwenda ilifika. Wengine wanadai ilikuwa asubuhi. Lubasha alisimama mlangoni akasema, "Mungu akutangulie, mke wangu," na Nyamizi akajifunga kitambaa kwa hiari yake, ili kile kifungo cha mwisho kisimdanganye, akaanza kugonga.

Alitembea kama hajawahi kutembea. Fimbo kushoto, mguu kulia. Ukuta ulikuwa pale ulipopaswa kuwa. Mtaro wa kwanza hakuusikia hata kidogo, akadhani ameupita bila kujua. Mchanga ulikuwa laini, njia ilikuwa pana, hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemwambia pole kwa ile sauti ya msibani. Mji mzima ulikuwa kimya. Hewa ilikuwa na harufu ya mikaratusi, akafikiri, kumbe huku kuna miti. Alivuka barabara kubwa bila gari hata moja kupita. Moyo ulimvimba. Alianza kucheka njiani peke yake. Hivi ndivyo walivyo wao kila siku, alifikiri, hivi ndivyo wanavyotembea na hawasemi!

Mlango wa Nyumba ya Majina ulikuwa wazi. Mwangalizi wa mtungi, mtu wa sauti nzito aliyekaa humo tangu mji haujaanza kugombania jina, alisimama kwa ajili yake.

"Haijawahi kutokea," alisema. "Nimekuona tangu kona ya kule. Hata mtu mmoja hukumgusa! Karibu, mama. Kifuniko kiko wazi. Sema jina lako."

Nyamizi alivuta pumzi, akafungua kinywa. Akakiacha wazi.

Hata mtu mmoja. Katika mji ule? Siku ya soko? Watu ambao hawawezi kupishana bila kugombana, mikokoteni, mbuzi, wauza dagaa, mafundi bati, wote walikuwa wapi? Na ule mtaro uliojaa maji machafu tangu enzi za bibi yake? Alirudi nyuma kwa akili hatua kwa hatua, na pale penye mtaro akakumbuka kwamba fimbo ilikuwa imelia mbao. Mbao mpya. Halafu ikamjia tena ile harufu, hapa, ndani ya nyumba ya mawe ambamo hapaoti mti. Lubasha alijipaka mafuta ya mikaratusi kwenye magoti kila asubuhi.

"Lubasha," alisema.

Aligeuza uso upande wa harufu.

"Lubasha, nakunusa."

"Niko hapa, mke wangu," alisema Lubasha kutoka pembeni, kwa sauti ndogo.

"Umefanya nini?"

Alikuwa ametangulia mbele yake njia nzima, peku, viatu mkononi. Alikuwa amefagia mchanga tangu alfajiri. Aliufunika mtaro kwa mbao, aliwasihi wauzaji wahame kwa muda na wanyamaze, alisimama katikati ya barabara kubwa na mikono juu hadi magari yakarudi nyuma. Aliyasema yote hayo akilia. Mji mzima ulikubali. Waliona ni jambo zuri.

"Ningekuacha uanguke?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ungeumia!"

"Ndiyo, Lubasha. Goti ni langu."

"Sasa umefika, au hujafika? Sema tu jina, turudi nyumbani. Nani atajua?"

"Mimi," alisema Nyamizi. Alikuwa ameinunua furaha ile kwa magoti yake, na kumbe alikuwa amefungwa kamba tangu mlangoni, kamba ndefu kuliko zote, iliyofumwa kwa watu wote anaowajua, laini kiasi kwamba hakuihisi. Angelisema jina lile sasa, lingekuwa jina la nani? Alimgeukia Mwangalizi. "Sijafika."

"Umesimama mbele yangu, mama."

"Aliyefika ni huyo. Mpe yeye mtungi. Mimi narudi nyumbani, naanza upya."

"Jua limekwenda. Ngoma haitakusubiri."

"Sijaiomba." Akainyoosha fimbo hadi ikagusa vidole vya miguu ya mumewe. "Wewe kaa. Hapo hapo. Ukinyanyuka hatutakuwa na ndoa tena, nakuapia. Na vaa viatu vyako, nikusikie ukitaka kunifuata."

Mwangalizi, ambaye alikuwa mtu wa utaratibu, aliichukua ile kamba ya katani iliyokwisha kuletwa pale, akaiweka mapajani mwa Lubasha iwe tayari. Lubasha akakaa nayo.

Nyamizi alirudi hadi kwake, akaupiga mlango kofi, akageuka. Na mji sasa ulikuwa mji. Wauzaji walikuwa wamerudi na makelele yao yote waliyokuwa wameyazuia. Mbao zilikuwa zimeondolewa na mwenye nazo, na Nyamizi alitumbukia kwenye mtaro hadi magotini, akatoka akinuka. Baiskeli ilimkwangua kiwiko. Mtu mmoja alimdaka mkono, akaanza kumburuta kwa huruma.

"Njoo mama, njoo, unakwenda wapi?"

"Niachie mkono."

"Nakusaidia!"

"Kama unanisaidia, niambie hapa ni wapi."

"Niambie unakokwenda nikupeleke."

"Sikuuliza hivyo!" alifoka, na yule mtu akamwachia kama aliyeshika sufuria la moto. "Kwa... kwa wauza dagaa," alisema. "Upo ukingo wa soko."

Ukingo wa soko! Mahali pa kwanza kuliwa. Nyamizi alisimama. Palikuwa pananuka dagaa vilevile, na chini ya fimbo yake kulikuwa na sakafu ileile ya saruji iliyochimbika. Akapiga hatua, fimbo ikaingia chini ya kitu, ikakinyanyua, na ungo mzima ukamwagika.

"We mama! Umenimwagia dagaa zangu!"

"Umeziweka njiani."

"Kwani huoni?"

"Sioni."

Alijua litakalofuata. Litafuata ooh pole, ooh masikini, usijali. Alikaza meno kulisubiri.

"Basi zoa!" alisema yule mwanamke. "Unafikiri zitajizoa?"

Nyamizi alichuchumaa, akazoa. Alipapasa saruji, akakusanya dagaa kwa viganja, na mchanga wake, huku yule mwanamke akimgombeza: hapo umeacha, na pale, usiniponde vichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka chini ya kitambaa. Miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa amemgombeza. Alizoa hadi ya mwisho, na alipokuwa akiyapangusa magoti aliisikia ngoma ya kufunga ikilia, ndefu, ikanyamaza.

Akaendelea kutembea. Barabara kubwa ilikuwa ikinguruma. Alisimama ukingoni hadi akayajua magari ya mbele na ya sambamba, akavuka na haya ya pili. Hakucheka safari hii.

Mlango ulikuwa umerudishiwa. Aliusukuma.

"Umechelewa," alisema Mwangalizi. Viatu vya Lubasha vikakwaruza sakafu. Alikuwa amekaa palepale.

"Nimechelewa. Nilikuwa nazoa dagaa."

"Kifuniko kimefungwa. Desturi ni desturi, mama. Lubasha, simama na kamba."

"Ngoja kwanza," alisema Nyamizi, na sauti yake ikajaa nyumba nzima. "Katika wote mliowafunga humu, nani amewahi kuchelewa? Mama yangu alichelewa wapi? Hakuchelewa hata siku moja, kwa sababu hakwenda mahali hata siku moja. Alipelekwa, akafikishwa, akarudishwa. Kuchelewa ni kwa mtu anayetembea. Mimi nimechelewa, bwana. Nimechelewa kwa miguu yangu miwili, na harufu ya mtaro ninayo. Hebu niambie desturi yako inasema nini juu ya mtu kama huyo."

Mwangalizi aliipekua desturi kichwani. Desturi haikuwa na neno, kwa kuwa haikuwahi kumfikiria.

Nyamizi hakumsubiri. Aligonga kushoto, akagonga kulia, hadi fimbo ikalia udongo. Alipandisha mkono juu ya tumbo la mtungi, akakipata kifuniko, na huku Mwangalizi akipiga kelele usiguse, usiguse, akakisukuma. Kilianguka, kikavunjika. Aliinama akaingiza uso mzima ndani, mle mlimojaa majina ya watu wote isipokuwa la mama yake na ya waliofungwa wenzake, na kwa hasira yote aliyokuwa nayo akasema, "Nyamizi."

Mtungi ukalipokea, kama unavyopokea la mtu yeyote.

Lubasha alikuwa amesimama katikati ya nyumba, hajui asogee wapi. "Mke wangu," alisema. Akajirekebisha. "Nyamizi. Sasa hii kamba niifanyie nini?"

"Nenda kaanikie nguo," alisema, akaanza kuutafuta mlango.